Kabla Hujalipa SL ya Zamani

Wasomaji wanaoitamani Mercedes-Benz SL ya zamani, ile ya viti viwili yenye paa la kufungua, huniletea swali moja kwa sura nyingi. "Kati ya 350 na 450 nichukue ipi?" "560 ina farasi ngapi hasa?" "Muuzaji yuko Dubai, amenitumia karatasi ya takwimu. Niiamini?"

Iamini, lakini ujue inasema nini. Takwimu za kiwandani ni za gari jipya, lililotengenezwa mwaka fulani kwa ajili ya soko fulani. Gari unaloonyeshwa lina miaka 35 au zaidi, limepita mikononi mwa mafundi wengi, na huenda hata nembo yake ya nyuma si ile iliyotoka nayo. Kwa hiyo zitumie takwimu kama rula ya kulipimia gari lililo mbele yako. Anayezisoma ili kulisifia gari ndiye anayelipa bei ya 500 SL na kuondoka na 380.

## Gari tunalozungumzia

Jina lake la kiwandani ni R107. Lilianza kutengenezwa mwaka 1971 na likakoma Agosti 1989, katika kiwanda cha Sindelfingen karibu na Stuttgart, Ujerumani. Yalitoka magari 237,287. Kwa gari la anasa la viti viwili hiyo ni idadi kubwa, na kwa mnunuzi ni habari njema: spea bado zinapatikana, na yapo mengi ya kuchagua. Usilipe la kwanza unaloliona.

Vipimo vya msingi:

- Urefu: takriban mita 4.39 kwa gari la Ulaya. La Marekani limezidi kwa karibu sentimita 20, kwa sababu ya bampa kubwa zilizowekwa kuanzia 1974.
- Upana: mita 1.79. Kimo: karibu mita 1.30.
- Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma: mita 2.46.
- Uzito: kuanzia kilo 1,500 hadi 1,600 na ushee.
- Tangi: lita 90 kwa magari mengi, likiwa limekaa juu ya ekseli ya nyuma ili lisifikiwe kirahisi gari likigongwa.
- Breki: diski magurudumu yote manne.
- Tairi: 205/70 za rimu ya inchi 14. Kuanzia 1985, 205/65 za rimu ya inchi 15.

Hapo utazame uzito kwanza. Hili si gari jepesi, na halikukusudiwa kuwa hivyo. Nguzo za kioo cha mbele ziliimarishwa ili zibebe mzigo gari likipinduka, na chuma hicho kina kilo zake. Anayetafuta gari dogo la kurukaruka kwenye kona atafute jingine. SL ni gari la safari ndefu kwenye lami nzuri, dereva na abiria wake wametulia.

## Namba ya kwenye buti na injini iliyo chini ya boneti

Hizi ndizo aina zote za R107. Farasi nilizotaja ni za magari ya Ulaya, isipokuwa 560 SL ambayo haikuuzwa huko.

- 280 SL (1974–1985): silinda 6 za mstari, cc 2,746, farasi 185. Kwa miaka michache katikati zilishuka hadi 177.
- 300 SL (1985–1989): silinda 6, cc 2,962, farasi 188 bila katalisti.
- 350 SL (1971–1980): V8, cc 3,499, farasi 200, baadaye 195.
- 380 SL (1980–1985): V8, mwanzoni cc 3,818 na farasi 218. Kuanzia mwishoni mwa 1981, cc 3,839 na farasi 204.
- 420 SL (1985–1989): V8, cc 4,196, farasi 218. Zilitoka 2,148 tu, kwa hiyo hutaikuta mara nyingi.
- 450 SL (1971–1980, Ulaya kuanzia 1973): V8, cc 4,520, farasi 225, baadaye 217. Ndiyo iliyotengenezwa kwa wingi kuliko zote, 66,298.
- 500 SL (1980–1989): V8, cc 4,973, farasi 240, kisha 231, kisha 245.
- 560 SL (1985–1989): V8, cc 5,547, farasi 230. Ilikusudiwa Marekani, Japani na Australia.

Tazama 380 SL: ujazo umepanda, farasi zimeshuka. Si kosa la uchapaji. Mwaka 1981 Mercedes walibadilisha injini zao za V8 zinywe petroli kidogo zaidi. Walipunguza upana wa silinda, wakaongeza mwendo wa pistoni, na gia zikawa ndefu. Kwa hiyo magari mawili yenye nembo moja, yaliyopishana mwaka mmoja, yanaweza kuwa na takwimu mbili tofauti na yote yakawa halali.

## Mitego inayowanasa wengi

Kuchanganya masoko. Sheria za moshi za Marekani zilizibana injini hizi vibaya sana. 450 SL ya Ulaya ilikuwa na farasi 225. Ya Marekani ya mwishoni mwa miaka ya 1970 ilibaki na 180, na ya mwaka 1980 ikashuka hadi 160. 380 SL iliyoanza Ulaya na farasi 218 iliuzwa Marekani ikiwa na 155. Kama gari limetoka Texas au California, karatasi ya Ulaya haikuhusu. Kwa soko la Marekani, 560 SL ndiyo iliyorudisha nguvu iliyopotea.

Kuamini nembo. Nembo ya nyuma inabandikwa kwa dakika chache. Ipo pia hali ambapo nembo halali inapotosha: mwaka 1972 Marekani ziliuzwa SL zilizoandikwa 350 huku ndani zikiwa na injini ya lita 4.5.

Kuamini "gia za mkono". 450 SL, 500 SL na 560 SL zilitoka na otomatiki tu. Ukionyeshwa 450 ya gia za mkono, mtu amebadilisha. Uliza ni nani, lini, na gia boksi ya awali iko wapi. Gia za mkono za kiwandani utazikuta kwenye 280, 300 na baadhi ya 350.

Kusahau petroli. 350 SL ya Ulaya ina mgandamizo wa 9.5 kwa 1 na ilitengenezwa kwa petroli ya oktani 98. 450 SL ya Marekani ina 8.0 kwa 1 na huvumilia petroli dhaifu. Ukisikia injini inagonga gari linapopanda mlima, usiendelee kuikanyaga. Fundi anayeijua ataurudisha moto nyuma kidogo. Utapoteza farasi chache na kuokoa pistoni.

## Hatua ya kwanza: soma chasisi

Hii ifanye kabla hujakata tiketi ya kwenda kuliona gari. Muuzaji mkweli atakutumia picha ya namba iliyogongwa kwenye bodi ndani ya chumba cha injini. Picha ya kadi ya gari peke yake haitoshi.

Katika namba ya Ulaya, baada ya 107 tafuta tarakimu tatu zinazotaja aina:

- 041 ni 300 SL
- 042 ni 280 SL
- 043 ni 350 SL
- 044 ni 450 SL
- 045 ni 380 SL
- 046 ni 500 SL
- 047 ni 420 SL
- 048 ni 560 SL

Tarakimu inayofuata inataja upande wa usukani: 1 ni kushoto, 2 ni kulia. Kwenye namba za zamani, inayofuata tena hutaja gia: 0 ni za mkono, 2 ni otomatiki. Kwa hiyo 107.044-12 ni 450 SL ya usukani wa kushoto na otomatiki, hata nyuma yake paandikwe nini. Magari ya Marekani ya miaka ya 1980 yana namba ya tarakimu na herufi 17. Humo BA45 ni 380 SL na BA48 ni 560 SL.

Kisha omba namba ya injini. V8 za 350, 380 na 420 huanza na 116. Za 450, 500 na 560 huanza na 117. 280 huanza na 110, na 300 huanza na 103. Gari la 046 lenye injini ya 116 si 500 SL tena, na bei yake isiwe ya 500 SL.

## Hatua ya pili: kutu, kabla hujasikiliza injini

Wanunuzi wengi hufungua boneti, injini ikiwaka vizuri moyo unalainika, na kuanzia hapo hawaoni kitu. Anza na bodi. Injini ya V8 inafunguliwa na kurudishwa. Bodi iliyooza ndani inaweza kukugharimu kuliko gari lenyewe, maana SL haina chasisi ya reli chini yake: bodi ndiyo inayobeba kila kitu, na kwa kuwa haina paa la kudumu, sakafu na kingo za chini zinafanya kazi mara mbili.

Nenda na tochi, sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, na nguo za kulalia chini. Kagua hivi:

1. Ukuta kati ya injini na chumba cha abiria. Hapa ndipo ugonjwa mkubwa wa R107 ulipo, hasa zile za miaka ya 1970. Maji hukaa chini ya waipa na kula chuma mahali ambapo huwezi kufika bila kufungua nusu ya gari. Mwaga maji taratibu chini ya kioo cha mbele, subiri, kisha ingiza mkono chini ya zulia pande zote mbili. Likiwa limelowa, bei ibadilike au uondoke.
2. Mahali pa kuwekea jeki. Muuzaji akikataa gari lipandishwe kwa jeki yake mwenyewe, umepata jibu.
3. Sakafu na nyuma ya viti. Kisanduku paa la turubai linamolala kina matundu ya kutolea maji. Majani yakiziba, maji hushuka ndani.
4. Matao ya magurudumu na ncha za mabawa ya mbele. Pitisha sumaku. Isiposhika, kuna puti.
5. Sakafu ya buti, chini ya tairi la akiba.

Watu wa pwani, wa Mombasa, Tanga na Unguja, mnazijua chumvi na upepo wa bahari, sihitaji kuwaeleza. Lakini gari lililokaa Ulaya kaskazini au majimbo ya baridi ya Marekani limepitia chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, nayo hula kutoka chini ambako hakuna anayetazama. Gari la Ghuba kwa kawaida lina chuma kizuri zaidi. Madhara yake yatafute kwingine: dashibodi iliyopasuka kwa jua, mipira iliyokauka, viti vya ngozi vilivyokunjamana.

## Hatua ya tatu: injini, ikiwa baridi

Mwambie muuzaji siku moja kabla kwamba gari lisiwashwe mpaka ufike. Ukifika, gusa boneti. Ikiwa ya moto, kaa kunywa chai mpaka ipoe, au rudi kesho.

- Likiwaka, sikiliza upande wa mbele wa injini. Cheni ya taimingi ikikwaruza kwa sekunde chache kisha ikanyamaza, huenda ni kikaza cheni. Ikiendelea kugonga, cheni imevutika. Kwa 380 SL za mwanzo wa miaka ya 1980, hasa zilizouzwa Marekani, hili ni jambo la kufa na kupona: zilitoka na cheni ya mstari mmoja badala ya miwili. Ikikatika, valvu zinagonga pistoni. Magari mengi yalibadilishiwa cheni ya mistari miwili. Taka risiti. Bila risiti, hesabu kwamba haijabadilishwa.
- Sikiliza juu, kwenye kemshafti. Kwenye V8, oili hufika huko kupitia vibomba vilivyoshikwa na viungio vya plastiki. Plastiki ikizeeka hukatika, kemshafti inakosa oili na kulika. Viungio vyenyewe ni bei ndogo. Kemshafti si bei ndogo.
- Tazama geji ya oili. Inaishia bar 3. Gari likitembea, mshale ukae juu kabisa. Likipata moto na kusimama, mshale utashuka, na hilo ni sawa. Kiwango cha chini cha kiwandani ni bar 0.3, lakini injini yenye afya huwa juu ya hapo kwa mbali.
- Tazama moshi. Moshi wa bluu unaotoka mara tu baada ya kuwasha kisha ukaisha mara nyingi ni sili za valvu, kazi inayofanyika bila kushusha injini. Ukiendelea kutoka ukiwa barabarani, ni pistoni na silinda.

Onyo kwa wanaofikiria 380, 420, 500 na 560: bloku zao ni za alumini yenye silikoni, hazina mikono ya chuma ndani ya silinda. Fundi aliyezoea kupanua silinda na kuweka pistoni za saizi ya juu asiguse hapa kwa mazoea yale. 350 na 450 za miaka ya 1970 zina bloku ya chuma cha kusubu, na husamehe zaidi.

## Maji, joto na thamostati

Sehemu hii nairefusha kwa makusudi, maana hapa ndipo SL nyingi huuawa kwenye nchi za joto.

Gari likichemka, mafundi wengi wa kwetu huanza kwa kutoa thamostati. Kwenye V8 za Mercedes dawa hiyo inaongeza ugonjwa. Thamostati yake ina kazi mbili: hufungua njia ya kwenda rejeta, na wakati huohuo hufunga njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, sehemu ya maji haipiti kabisa kwenye rejeta, na foleni ya jijini itakuonyesha matokeo.

Fuata mpangilio huu badala yake:

1. Hakikisha feni ya mbele inashika injini ikipata moto. Ile ya silikoni ikichoka inazunguka kiulegevu.
2. Toa rejeta, isafishwe ndani na itazamwe nje. Matundu yakizibwa na wadudu na vumbi, hewa haipiti.
3. Badilisha thamostati, weka mpya ya aina sahihi.
4. Badilisha mfuniko wa maji. Ukishindwa kushika presha, maji huchemka mapema.
5. Jaza kulanti iliyochanganywa na maji safi. Maji ya bomba peke yake hula vichwa vya alumini kutoka ndani.

Mkaguzi anayefungua mfuniko (injini ikiwa baridi) na kukuta maji ya rangi ya kutu amejua historia ya gari hilo bila kuuliza mtu.

## Mfumo wa petroli

350 na 450 za mwanzo zina mfumo wa Bosch wa umeme uitwao D-Jetronic. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 ukaingia K-Jetronic, unaofanya kazi kwa presha ya petroli yenyewe, zaidi ya bar 5. Yote miwili ni mizuri. Adui yake mkubwa ni gari kusimama muda mrefu, petroli ikageuka gundi ndani ya mabomba.

- Gari lililosimama miaka lisiwashwe kwa petroli iliyomo tangini. Mwaga, safisha tangi, badilisha filta, ndipo uwashe.
- Usimruhusu fundi kugusa skrubu ya kurekebisha mchanganyiko kabla hajapima presha kwa geji. Wengi huigeuza kwa kusikiliza sauti, na baada ya wa tatu kuigeuza hakuna anayejua ilikuwa wapi.
- Gari la V8 la miaka ya 1980 likikataa kuwaka ghafla, tazama kwanza rilei ya pampu ya petroli. Lehemu ndani yake hupasuka. Watu wamenunua pampu mpya bure.

## Chini ya gari

Fremu ndogo ya mbele, ile inayobeba injini na mikono ya magurudumu, hupasuka karibu na viungo vya mikono hiyo na mahali steringi boksi inapofungwa. Isafishwe, ikaguliwe kwa tochi. Ufa ni sababu ya kutosha kuacha kuendesha gari hilo siku hiyohiyo.

Steringi ya R107 ni ya boksi, kwa hiyo uchezaji mdogo katikati ni wa kawaida. Ukizunguka kiasi cha vidole viwili kabla magurudumu hayajaitika, kuna kazi.

Gia otomatiki ikibadilisha kwa kishindo, usikimbilie kuifungua. Kuna kifaa kidogo kinachoendeshwa kwa mvuto wa hewa ya injini. Kiwambo chake kikitoboka, gia zinapiga na oili ya gia inanyonywa na kuchomwa na injini, moshi ukitoka nyuma. Kukibadilisha ni nafuu mno ukilinganisha na kufungua gia boksi.

## Mapaa mawili

SL ina turubai linalolala chini ya mfuniko wa chuma nyuma ya viti, na paa la chuma la kuondoa. Lione gari likiwa na yote mawili, na uyafanyie kazi mwenyewe: fungua turubai, lifunge, kisha utazame kona za kioo cha nyuma kama kuna mpasuko. Paa la chuma lina zaidi ya kilo 40. Linabebwa na watu wawili, na halisimamishwi ukutani likategemea mpira wake.

Paa la chuma likikosekana, punguza bei kwa gharama halisi ya kulitafuta na kulisafirisha. Muuzaji atakwambia "hutalihitaji, kwenu joto." Utalihitaji masika.

## Maswali ninayoyategemea

"Mbona hukusema ipi bora?" Kwa mtu anayeishi Afrika Mashariki na kutegemea fundi wa mtaani mwenye akili, ushauri wangu ni 300 SL. Injini yake ni ndugu ya ile ya 300 E ya W124, gari ambalo mafundi wetu wanalijua. Ya 280 SL nayo ni ndugu ya ile ya 280 E ya W123. Ukitaka V8, 450 ni ngumu na rahisi kuelewa, na 500 ndiyo tamu kuliko zote kuendesha. 380 SL ya Marekani ichukue tu ikiwa na risiti ya cheni.

"Lakini SL bila V8 ni SL?" Ndiyo. Yenye silinda 6 ni nyepesi mbele na inageuka vizuri zaidi. Utakosa mngurumo, hutakosa gari.

"Barabara zetu zitaliua." Zitaliumiza ukilipeleka kwenye makorongo, maana liko chini. Ila usidhani ni dhaifu. Ndugu yake wa paa la kudumu, 450 SLC 5.0, aliletwa Safari Rally mwaka 1979. Hannu Mikkola alimaliza wa pili nyuma ya Shekhar Mehta wa Kenya na Datsun yake. Gari lile liliandaliwa na kiwanda na kuinuliwa. Lako halijaandaliwa. Bushi, shokapu na mikono ya magurudumu, hata hivyo, ni vya ukoo uleule, na vikiwa vipya vinahimili.

"Nikiweka injini ya Kijapani?" Usifanye. Utapoteza thamani yote ya gari, na breki, difu na geji havitapatana na injini mpya. Kama huwezi kumudu injini yake, nunua gari jingine.

"Naweza kuliagiza kutoka nje?" Uliza kwa maandishi kabla ya kutuma hata arubuni. Kenya, kiwango cha KS 1515 huzuia magari yaliyozidi miaka 8, na usukani wa kushoto pia ni kikwazo. Tanzania, gari la umri huu hubeba ushuru wa uchakavu juu ya kodi nyingine. Mara nyingi ni nafuu kutafuta SL iliyokwisha kusajiliwa nchini kuliko kuleta nyingine. Ndugu mlio Oman, Emirates, Ulaya na Marekani mko pazuri zaidi: linunueni na kulitumia hukohuko.

## Ukishalinunua: mwezi wa kwanza

Hata muuzaji aape kwamba gari "halina kazi", tenga pesa ya mambo haya kabla ya kufikiria rangi au redio:

- Mabomba yote ya mpira ya petroli. Petroli yenye presha ya bar 5 karibu na eksozi ya moto haina msamaha.
- Mabomba ya breki na oili yake.
- Oili ya injini na filta. V8 inachukua takriban lita 8.
- Oili ya gia otomatiki na filta yake, na oili ya difu.
- Kulanti, thamostati, mikanda.
- Vibomba vya kemshafti na viungio vyake vya plastiki, hata kama havijavuja.
- Tairi, ukiangalia tarehe iliyochapwa ubavuni. SL nyingi zina tairi zenye kashata nzuri na mpira uliokufa kwa uzee, na hizo usizifikishe kilomita 100 kwa saa.